Usidharau Kibanda

Zamani, kabla ya polisi wa Uingereza kupewa redio za kuchukua mkononi, miji mingi ya nchi ile ilikuwa na vibanda vidogo vya rangi ya buluu kando ya njia. Ndani ya kila kibanda palikuwa na simu. Polisi wa zamu aliitumia kusema na kituo chake, na raia aliyepatwa na shida aliweza kuomba msaada kwa simu hiyo hiyo. Kibanda hicho hakikuwa na ajabu yoyote. Watu walikipita asubuhi na jioni bila ya kukitupia jicho, kama wewe unavyolipita sanduku la posta.

Sasa nakuomba, kijana msomaji, usikipite. Simama kidogo ukitazame. Mwaka 1963 kibanda cha namna hiyo kilitiwa katika mchezo wa televisheni, kikafanywa chombo cha kusafiria angani na katika nyakati. Mchezo wenyewe uliitwa Doctor Who. Ulionyeshwa kwa misimu 26 hata mwaka 1989, ukanyamaza, kisha ukafufuliwa mwaka 2005 na kutazamwa na watoto wa watoto wa wale walioutazama kwanza.

Nataka nikueleze jinsi ulivyotengenezwa. Sikuelezi kwa sababu ya mazimwi yake, ingawa mazimwi yamo, na nitayafikia. Nakueleza kwa sababu ndani ya historia hii mna somo juu ya dharau. Watu walioifanya kazi ile walitiliwa shaka; vyombo walivyopewa vilikuwa hafifu; na kazi ilipokwisha kupata sifa, wenyewe walioimiliki waliidharau, hata sehemu yake ikapotea. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba guu huota tende. Tazama basi jinsi mwiba ulivyodharauliwa, na jinsi guu lilivyoota tende.

Mwanzo wa mambo ulikuwa pengo. BBC, yaani shirika la utangazaji la Uingereza, lilikuwa na matangazo ya michezo kila Jumamosi mchana, na baadaye jioni lilikuwa na kipindi cha nyimbo za vijana. Katikati palihitajiwa kitu cha kuwashika wapenzi wa mpira wasiondoke, na kuwavuta vijana waje mapema. Kazi hiyo ilimwangukia Sydney Newman, mzaliwa wa mji wa Toronto nchini Kanada, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia BBC kuwa mkuu wa idara ya michezo ya kuigiza. Newman alitaka mchezo ambao mtoto na mzazi wake wangeweza kuutazama pamoja, wala mmoja wao asione kwamba anapotezewa wakati.

Shauri lililokubaliwa lilikuwa hili. Mzee mmoja asiyejulikana atokako, aitwaye Daktari, anasafiri kwa chombo chake kwenda nyakati zilizopita na nyakati zijazo. Safari ya nyuma ingefundisha historia, na safari ya mbele ingefundisha sayansi. Kwa hiyo wenzake wa safari walifanywa walimu wawili wa shule ya London: Barbara Wright, mwalimu wa historia, na Ian Chesterton, mwalimu wa sayansi. Aliyewaingiza safarini bila ya kukusudia ni mwanafunzi wao Susan, mjukuu wa Daktari. Na Newman alitoa amri moja kali: hataki mazimwi ya macho ya kutumbuka, maana aliyaona kuwa mambo ya kipuuzi.

Katika sehemu ya kwanza mna tukio dogo ambalo nalipenda, kwa kuwa mimi nami ni mwalimu. Susan anachekwa darasani kwa sababu hajui pauni moja ya Uingereza ina shilingi ngapi. Alidhani kwamba fedha zimekwisha kuhesabiwa kwa makumi na mamia. Wenzake wanamwona mjinga. Lakini mwezi wa Februari mwaka 1971 Uingereza iliacha shilingi 20 katika pauni na peni 12 katika shilingi, ikaigawa pauni kwa peni 100. Susan hakuwa mjinga. Alikuwa ametangulia wakati. Huku kwetu Afrika Mashariki shilingi ilikuwa na senti 100 tangu mwaka 1921, kwa hiyo huenda asingalichekwa sana katika darasa la Nairobi!

Wazo jema bila ya mtendaji ni kama mbegu ndani ya gunia. Newman alimtafuta mtayarishaji, akamkumbuka mwanamke kijana aliyefanya kazi chini yake katika kampuni nyingine ya televisheni. Jina lake Verity Lambert. Alikuwa na umri wa miaka 27, naye hakuwa amepata kutayarisha mchezo hata mmoja kwa jina lake mwenyewe. Katika idara nzima ya michezo ya kuigiza hapakuwa na mtayarishaji mwingine mwanamke, wala aliyekuwa mdogo kuliko yeye kwa umri. Wa kuwaongoza waigizaji katika hadithi ya kwanza akawa Waris Hussein, aliyezaliwa Lucknow, nchini India. Yeye alikuwa na miaka 24. Waza, msomaji, jinsi watu hawa wawili walivyotazamwa walipopita katika veranda za shirika lile kubwa, lililojaa wanaume Waingereza wa makamo. Wenyewe walisimulia baadaye kwamba walijiona wageni, na kwamba wengi hawakuutarajia mchezo wao kufika mbali.

Hao ndio waliomwendea William Hartnell, mwigizaji wa miaka 55, aliyekuwa amechoka kupewa nafasi za sajini mkali kila mara. Walimshawishi awe Daktari, naye akakubali. Moyo wake ulipenda kufanya kitu ambacho wajukuu wangekifurahia.

Baada ya watu tuvitazame vyombo. Walipewa Studio D katika jengo la Lime Grove, magharibi ya London. Jengo hilo lilikuwa la watengenezaji wa filamu kabla ya BBC kulinunua mwaka 1949. Chumba kilikuwa kidogo, joto la taa lilikuwa kali, na kamera zilikuwa za kizamani na nzito kusukuma. Fedha za sehemu moja zilikuwa kama pauni 2,300, nazo zilipaswa kuwatosha waigizaji, nguo, mandhari na mashetani yote ya anga. Tena utepe wa kuhifadhia picha ulikuwa ghali, na kuukata na kuuunganisha lilikuwa jambo la taabu. Kwa ajili hiyo sehemu ya dakika 25 ilichezwa karibu mfululizo, kama mchezo wa jukwaani. Walifanya mazoezi siku za wiki, na Ijumaa wakaingia studio. Mwigizaji akijikwaa ulimi, aliendelea. Mlango ukikataa kufunga, ulikataa mbele ya macho ya taifa zima.

Sasa utaelewa kibanda kilitoka wapi. Chombo cha Daktari kilisemwa kuwa kina uwezo wa kujigeuza umbo, kifanane na mahali kinapotua. Lakini nani angelipa gharama ya umbo jipya kwa kila hadithi? Mwandishi wa hadithi ya kwanza, Anthony Coburn, Mwaustralia, ndiye anayesemwa kuwa alikiona kibanda cha polisi njiani akafikiri kwamba chatosha. Basi hadithi ikasema kwamba chombo kiliharibika kikiwa katika umbo la kibanda, kikabaki hivyo hivyo. Umaskini wa fedha ukageuzwa kuwa tukio la hadithi. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na ukumbi mkubwa mweupe wenye meza ya mitambo ya pembe sita. Je, kitu kidogo kiliwezaje kuwa kikubwa ndani? Jibu lake ni rahisi. Kibanda kilisimama upande mmoja, na ukumbi ulijengwa upande mwingine. Akili ya mtazamaji ndiyo iliyoviunganisha. Fundi alitoa nusu ya kazi, na mtazamaji akaimaliza bila ya kudai ujira.

Picha za mwanzo wa mchezo zilipatikana kwa njia ya namna hiyo. Kamera ilielekezwa kwenye kioo cha televisheni kilichokuwa kikionyesha picha ya kamera hiyo hiyo. Umepata kusimama kati ya vioo viwili vinavyotazamana ukajiona umerudiwa pasipo mwisho? Hivyo ndivyo kamera ilivyojitazama, na mwanga ukajizungusha kama mawingu ya moshi. Hapakuhitajiwa rangi wala mchoraji.

Na muziki? Noti ziliandikwa na Ron Grainer, Mwaustralia, kwenye karatasi. Kuzigeuza ziwe sauti ilikuwa kazi ya Delia Derbyshire, binti aliyetumika katika karakana ya sauti ya BBC iliyoanzishwa mwaka 1958. Wakati huo hapakuwa na kinanda cha umeme ambacho mtu hubonyeza kidole kikatoa sauti za nyota. Derbyshire alichukua sauti za mitambo ya kupimia umeme na sauti ya uzi mmoja uliodonolewa, akazinasa katika utepe, akazipandisha na kuzishusha kwa kuubadili mwendo wa utepe, kisha akakata vipande kwa wembe na kuviunganisha noti baada ya noti. Grainer alipousikia muziki alistaajabu, akataka mwenzake ahesabiwe kuwa mtunzi pamoja naye. Taratibu za shirika hazikuruhusu. Watu wa karakana hawakutajwa kwa majina. Mngurumo wa kibanda kinapoondoka nao ulitengenezwa na Brian Hodgson wa karakana hiyo, kwa kukwaruza nyuzi za piano kuukuu kwa ufunguo wa mlango wa mama yake.

Usidhani kwamba mambo yalinyoka tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza ilinaswa tarehe 27 Septemba 1963, na Newman alipoitazama hakupendezwa. Milango ya chombo iligongagonga, na Daktari alikuwa mkali mno hata mtoto asingalitaka kusafiri naye. Newman akawaita Lambert na Hussein, akawaambia kwamba yafaa awafukuze kazi. Kisha akawaeleza makosa yote, moja moja, akawaamuru warudie. Hapa ndipo ninapomsifu mkuu huyo. Ukali wake haukuwa wa kuvunja, ulikuwa wa kujenga. Na vijana wale hawakununa wala hawakutafuta visingizio katika udogo wa studio. Waliingia tena kazini, na tarehe 18 Oktoba wakainasa upya.

Mchezo ulitangazwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963. Kwa kipimo chetu, zilikuwa zimebaki siku 19 Kenya ipate uhuru wake. Lakini dunia siku hiyo haikuwa na masikio ya hadithi. Jana yake Rais John Kennedy wa Marekani alikuwa ameuawa kwa risasi mjini Dallas, na watu walikuwa katika msiba na hofu. Waliotazama walikuwa karibu milioni 4 na nusu, wala hawakuwa wengi kwa wakati ule. Kazi ya miezi ilionekana kuzimika kwa pigo moja. BBC ikaamua kuirudia sehemu ya kwanza Jumamosi iliyofuata, kabla ya kuonyesha ya pili. Hata hivyo wakubwa walikuwa wakihesabu gharama, na haikuwa hakika kwamba mchezo ungevuka mwaka.

Kilichouokoa ni kile kilichokatazwa. Mwandishi Terry Nation alileta hadithi ya viumbe wakatili waitwao Madalek, waliojifungia ndani ya magamba ya chuma baada ya vita vya sumu. Donald Wilson, mkuu wa michezo ya mfululizo, aliisoma akasema isitumike. Lambert hakukubali, tena hapakuwa na hadithi nyingine iliyokuwa tayari. Kwa hiyo ikatumika.

Kuwapa Madalek umbo lilikuwa jukumu la Raymond Cusick, msanifu wa BBC aliyelipwa mshahara wa mwezi. Cusick hakutaka kiumbe ambacho mtoto angekiona mara moja kuwa ni mtu aliyevaa nguo. Basi akaondoa miguu. Akabuni gamba la mbao na faibaglasi, mtu akae ndani kwenye kiti na kulisukuma kwa miguu juu ya magurudumu madogo. Mkono wake mmoja ulikuwa kile kifaa cha mpira cha kuzibulia sinki. Madalek waliotengenezwa mwanzoni walikuwa wanne tu. Palipohitajiwa jeshi, picha zao zilikuzwa zikasimamishwa nyuma. Walionekana wazima mwishoni mwa Desemba 1963, na katika muda wa wiki chache watazamaji walizidi milioni 10. Newman, aliyekuwa amekasirika amri yake ilipovunjwa, alikiri kwamba alikosea.

Nation alipata mali nyingi kwa Madalek, maana alikuwa na haki zake kama mwandishi. Cusick alipewa zawadi ya pauni 100. Delia Derbyshire alifariki mwaka 2001, na jina lake likaandikwa katika mchezo kwa mara ya kwanza mwaka 2013, ulipotimiza miaka 50. Heshima iliyocheleweshwa miaka 50 humfikia nani?

Nimefika kwenye tende la mguu. Ungetarajia kwamba kazi iliyopendwa hivi ingetunzwa kama lulu. Haikutunzwa. Utepe wa picha uliweza kufutwa na kutumiwa tena, na kwa kuwa ulikuwa ghali, ulifutwa. Palikuwa na nakala za filamu zilizotengenezwa kwa kuuziwa nchi za nje. Nazo, haki za kuzionyesha zilipokwisha, nyingi zilitupwa au kuteketezwa. Uharibifu huo uliendelea tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hata mwaka 1978, na wala haukuupata mchezo huu peke yake. Katika sehemu 253 za miaka sita ya kwanza, zaidi ya 90 hazikubaki na picha. Usimwone aliyefuta kuwa adui wa sanaa. Alikuwa mtumishi aliyefuata hesabu za ofisi yake: rafu zimejaa, utepe ni ghali, na kipindi cha watoto kilichokwisha kuonyeshwa kina faida gani?

Lakini akiba haiozi, na mara nyingine huwekwa na mtu ambaye hakuagizwa. Nyumbani mwao, watazamaji wengine waliweka mashine za kunasia sauti karibu na televisheni zao wakaunasa mchezo ulipokuwa ukiendelea. Kwa bidii yao, sauti ya kila sehemu iliyopotea imebaki mpaka leo. Kilichomshinda mwenye mali kilifanywa na wasiolipwa kitu.

Na bara letu nalo lilitoa akiba yake. Nakala za filamu zilikuwa zimesafirishwa hata Nigeria. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Mwingereza mmoja, Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, amezikuta katika ghala la kituo cha televisheni katika mji wa Jos. Humo mlikuwamo sehemu 9 zilizodhaniwa kuwa zimetoweka kabisa, za miaka ya 1967 na 1968. London, penye wataalamu na fedha, zilikuwa zimeharibiwa. Jos, penye jua na vumbi, zilikuwa zimelala salama kwa miaka mingi.

Kijana msomaji, nakujua. Wewe ni wa shule yenye ukumbi mmoja, nao ni chumba cha kulia chakula. Mnapotakiwa kutayarisha mchezo wa kuigiza, neno la kwanza ni kwamba hakuna vifaa. Nami nimelisikia neno hilo kwa wanafunzi wangu, tena nimelitamka mwenyewe nikiwa mwanachuo, nikadhani kwamba nimetoa sababu. Sasa najua kwamba nilikuwa nimetoa udhuru. Hadithi hii haikuambii kwamba umaskini ni mwema. Lambert na Hussein waliichukia studio yao, wakaiombea nyingine. Inakuambia kwamba hawakuingoja studio nyingine ndipo waanze. Walikitazama kila walichonyimwa wakajiuliza chaweza kugeuzwa nini.

Jambo la pili ni dogo kwa kulitenda, na ndilo tunalolisahau zaidi. Mchezo wenu utakapokwisha, na makofi yatakapokwisha, maneno mliyoyaandika yatakwenda wapi? Je, yumo katika darasa lenu mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuyahifadhi, pamoja na picha moja na majina ya wote walioshiriki, hata yule aliyevuta pazia na yule aliyepiga msumari? Daftari moja latosha. Liandikeni tarehe, mlitie kabatini penye ukavu, na mmwonyeshe mwanafunzi wa kidato cha chini lilipo. Huenda asilifungue kwa miaka mingi. Lakini siku atakayetaka kujua mlifanya nini atakapokuja, asikute rafu tupu.